Maji Moto ya Dobi

Ilikuwa tarehe sita Julai, asubuhi ya manyunyu yaliyokataa kuwa mvua na yakakataa kukatika. Siku ya namna hiyo ni adui wa dobi. Shuka za nyumba ya wageni zilikuwa zimening'inia ndani ya duka, toka ukuta huu hadi ule, na kila aliyeingia ilibidi ainame kama anayeingia kwenye banda la kuku. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alichungulia, akasema leo Dobi amefungua sinema, na akaondoka kabla hajajibiwa.

Dobi alikuwa nyuma ya meza ya kupigia pasi. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mwembamba, vidole vimepauka kwa sabuni, miwani imefungwa kamba shingoni isije ikaangukia nguo za watu. Mtaa mzima ulimwita Dobi. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu, likipumzika.

Mkwewe aliingia akiwa na mtoto mgongoni. Huyu alikuwa mke wa mwanawe wa mwisho, na kazi yake ilikuwa kufundisha darasa la pili. Sauti yake haikupanda kamwe, lakini ilisikika hadi dawati la nyuma.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzangu kaamkaje?"

Mwenzangu alikuwa mjukuu, mtoto wa miezi kumi na moja. Alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kiasi kwamba Dobi alipomwona mara ya kwanza alisema, "Hiki si kitoto, hiki ni kifungo cha shati." Tangu hapo akaitwa Kifungo, na sasa alikuwa na mashavu ya kuangukia shingoni.

"Kaamka mzima. Tumetoka kliniki." Mkwe alifungua kanga, akamshusha mtoto, akamkabidhi babu yake. Kisha akaangalia zile shuka badala ya kumwangalia Dobi usoni, maana jambo lenyewe halikuwa jepesi kusemwa na mke wa mtu mbele ya baba mkwe. "Nesi amempapasa tena. Korodani moja bado haijashuka. Alipozaliwa walituambia tusubiri, huenda ikateremka yenyewe. Sasa wanasema muda wa kusubiri umekwisha. Wametuandikia twende kwa daktari wa upasuaji mwezi ujao."

Dobi alimnyanyua Kifungo juu, akamtazama, akacheka mpaka miwani ikamtoka puani.

"Hilo tu? Mwanangu, hilo ni la ukoo. Mumeo naye alikuwa hivyo hivyo. Hakukatwa hata ukucha, na leo anakuita mama nanihii. Niachie mimi na karai langu."

Mkwe hakucheka. "Baba, nesi amesema mwaka na nusu usipite."

"Nesi anapapasa watoto kwenye chumba baridi kama kaburi. Baridi ikimpiga mwanamume, hata mimi hapa, vitu vinakimbilia ndani. Maji moto ndiyo dawa."

Hapo inafaa ielezwe maneno hayo yalitoka wapi, maana hayakuwa porojo za mzee. Yalikuwa na historia, na historia yenyewe ndiyo iliyokuwa maisha ya Dobi.

Mkewe alifariki kitinda mimba akiwa hajaota meno ya mbele. Aliacha wavulana watatu na mume ambaye hakujua kupika chochote zaidi ya wanga wa kutilia kola. Mashangazi walikuja wakagawana watoto kwa maneno: mmoja atamchukua mkubwa, mwingine wa kati, na mchanga aende kwa bibi yake. Dobi aliwasikiliza, akawapa chai, akawasindikiza mpaka njia panda. Aliporudi aliwafungia wanawe mlango kwa ndani. "Watoto si foronya," alisema baadaye, "kwamba utazigawa pea kwa pea."

Basi akawalea dukani. Nyuma ya duka palikuwa na tangi la maji moto, lililoinuliwa juu ya matofali na kuchochewa kwa magogo, nalo lilinguruma toka alfajiri. Jioni, nguo za mwisho zikishatoka, moto wa tangi ulikuwa bado hai na maji yamebaki ya kuogesha kijiji. Dobi aliteremsha karai kubwa la bati, lile la kulowekea mashuka, akalisugua, akalijaza. Alipima joto kwa kiwiko. Kisha akawatia wanawe watatu humo kwa pamoja kama viazi, mkubwa nyuma, wa kati katikati, mchanga mbele akishikiliwa kifuani na kaka yake.

Wote watatu wanaikumbuka saa hiyo. Mkubwa, ambaye sasa ni dereva wa lori, husema akisikia harufu ya sabuni ya mche popote barabarani anahisi mkono wa baba yake kisogoni. Wa kati anakumbuka mvuke, jinsi ulivyoficha kuta na kamba na marundo ya nguo, ukabaki uso wa baba peke yake ukielea. Dobi aliwasugua kama anavyosugua kola, kwa kidole gumba, akipekua kila kona ya mwili. Akijua jipu kabla halijaiva. Akijua nani kaumwa na siafu na nani kapigana shuleni. Mama yao angejua kwa kuwaangalia tu, aliwaza, lakini yeye hakuwa na macho hayo. Alikuwa na mikono. Basi mikono ikajifunza.

Kitinda mimba alipoingia darasa la kwanza, alikuja daktari wa kupima wanafunzi, mzee mmoja mnene mwenye masharubu. Siku hiyo kulikuwa na baridi na wavulana walisimama kwenye ukumbi wa saruji wakiwa na kaptula mikononi. Daktari alimpapasa kitinda mimba, akatikisa kichwa, akamwita baba yake: upande wa kushoto mfuko ni mtupu, mtoto huyu atahitaji kupasuliwa.

"Mtupu?" Dobi alisema. "Daktari, mimi namwogesha huyu kila jioni. Vyote viwili vipo."

"Una uhakika?"

"Nguo za watu zikipotea kifungo najua. Sembuse mwanangu?"

Daktari mwingine angemfukuza. Huyu alikuwa na subira. Jioni alipita dukani na mkoba wake, akainama chini ya kamba, akakalia ndoo iliyogeuzwa. Kitinda mimba aliingizwa kwenye karai akilia kwa aibu. Hata povu halijafika shingoni, kile kilichokosekana asubuhi kilikuwa kimeteremka mahali pake, bila kuitwa. Daktari alikunja shati, akatia mkono majini akahakikisha, akacheka. Alisema ipo misuli inayoivuta juu mtoto akishtuka au akipata baridi, na akipata joto inaachia. Huyu hana haja ya kisu. Mwangalieni tu mwaka hadi mwaka. Kweli, kabla kijana hajaota ndevu mambo yalikuwa yametulia yenyewe.

Hiyo ndiyo siku Dobi alipokuwa mama kamili, machoni pake mwenyewe. Hakumwambia mtu hivyo. Lakini mashangazi walisikia kwamba daktari alikuja hadi dukani, akakalia ndoo, akasema baba wa watoto alikuwa sahihi. Hawakuzungumza tena habari ya kugawana.

Kwa hiyo Julai hiyo, jioni ya siku ile ile ya manyunyu, kitinda mimba alipopita dukani kutoka kazini, na mkanda wake wa koleo na bisibisi kiunoni maana alikuwa fundi umeme, shauri lilikuwa kama limeshakatwa.

"Mwambie mkeo," Dobi alisema. "Mwambie yule mzee mwenye masharubu alisemaje."

"Nimemwambia, Baba. Mara ngapi sijui."

"Na mimi nimesikia mara hizo zote," alisema mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la wateja akimnyonyesha Kifungo. "Simbishii Baba. Lakini mume wangu alikuwa na miaka sita na vyote vilikuwa vinaonekana. Huyu tangu azaliwe hatujaona. Mimi namwogesha asubuhi, sijaona."

"Unamwogesha na maji ya uvuguvugu wa mate," alisema Dobi.

"Baba!" Kitinda mimba alicheka, akamtupia mkewe jicho, akaacha kucheka. Alikuwa mtu mzima wa kupanda nguzo za umeme, lakini habari ya kisu ilimtisha. "Mke wangu, ni kitoto kile. Kulazwa kwa dawa ya usingizi, kukatwa, kwa jambo ambalo pengine ni maji tu. Mimi nasema hivi. Miadi ya daktari bado wiki tatu na kitu. Baba amwogeshe yeye jioni. Akiiona, hatuendi. Asipoiona, tunaenda. Baba hawezi kukosea kwenye hilo."

Mkwe alimfuta mtoto mdomo kwa ncha ya kanga.

"Sawa," alisema. "Neno la Baba. Lakini, Baba, liwe neno la kweli."

"Nimewahi kukupa jingine?"

Wakakubaliana hivyo.

Jioni ya kwanza Dobi alifunga duka mapema. Aliteremsha karai, lile lile, sasa lina viraka viwili vya lehemu. Alilijaza, akapima kwa kiwiko. Kifungo alipotiwa majini alishika ukingo kwa mikono yote miwili, akatazama mvuke kwa mshangao kama bwana shamba anayekagua mahindi, kisha akapiga maji kwa kiganja na kumlowesha babu yake mpaka kwenye nyusi.

Dobi alicheka, na katika kucheka kitu kilimrudia. Ule uzito wa mtoto anayeteleza. Shingo inayokaa kati ya kidole gumba na cha shahada. Alimsikia mkewe, au alijisikia mwenyewe enzi hizo, akiimba vijimaneno visivyo na maana. Alijikuta anageuka kumwambia mkubwa amshike mdogo wake vizuri. Nyuma yake palikuwa na magunia ya nguo chafu tu.

Akamsugua mtoto taratibu, akangoja maji yafanye kazi yake. Akapapasa. Upande wa kushoto, sawa. Upande wa kulia, mfuko ulikuwa laini, bapa, kama mfuko wa shati ambao haujawahi kutiwa kitu.

"Umechoka leo," alimwambia Kifungo. "Safari ndefu. Kesho."

Kesho yake akaongeza moto. Kesho kutwa akatundika blanketi nene mlangoni kuzuia upepo, akamwogesha mtoto mpaka ncha za vidole zikajikunja kama zabibu kavu. Kinyozi, aliyekuwa na mazoea ya kuingia bila hodi, aliinua lile blanketi.

"Dobi, unamwogesha au unampika?"

"Shusha pazia, unaingiza baridi."

"Imeonekana?"

"Anaoga."

"Nakuuliza kende, unanijibu kuoga." Kinyozi aliketi juu ya gunia. Alikuwa rafiki wa miaka mingi na alijua hadithi ya daktari mwenye masharubu kiasi kwamba akiisimulia mwenyewe kibandani, alijitia na yeye ndani, ameshika taulo. "Si ulisema yule mwanao ilishuka kabla ya povu?"

"Kila mtoto na mwendo wake."

"Haya. Mwendo wa huyu ni wa kinyonga." Kinyozi aliangalia uso wa mwenzake kupitia mvuke, akaacha utani. "Mficha uchi hazai, Dobi. Kama haipo, sema haipo."

"Kesho," alisema Dobi.

Zikapita siku. Mvua ya manyunyu ilikatika, jua likarudi, shuka zikatoka nje kwenye kamba za uani, na mtu angetegemea Dobi afurahi. Lakini aliunguza kola ya shati la mteja, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu enzi ya pasi ya mkaa. Alimpa mwenye suruali ya kijivu suruali ya mwenye suruali ya bluu. Mchana wote aliisubiri jioni, na jioni ikifika alitamani mchana urudi.

Kuna jioni moja alidhani ameigusa. Kivimbe kidogo, juu kidogo ya mahali panapostahili, karibu na paja. Akabembeleza kwa kidole kilichopakwa sabuni, akiisukuma ishuke, kama mtu anayeshawishi sarafu ipite kwenye tundu la shati. Haikushuka. Ilijibana palepale, na alipoondoa kidole ikapotea kabisa. Kifungo akageuza uso akaanza kulia, na Dobi akamtoa majini haraka, akamfunga taulo, akamkumbatia zaidi ya ilivyohitajika.

Usiku huo alijua. Alijua kama mtu anavyojua doa ambalo halitatoka. Dobi yeyote atakwambia: doa la kutoka hulegea kwenye maji ya kwanza, linaacha ukingo wake uonekane. Lisilolegea kwenye maji ya kwanza halina haja ya maji ya kumi. Hapo unamwita mwenye nguo, unamwambia ukweli. Lakini huyu hakuwa mwenye nguo. Huyu alikuwa mwanawe, aliyekwisha sema baba hawezi kukosea, na mkwe aliyesema liwe neno la kweli. Na kulikuwa na jambo jingine alilolizungusha kinywani gizani bila kulitamka. Kama mikono yake haikutosha kwa huyu, nani angesema ilitosha kwa wale watatu? Mara ngapi aligusa asione? Mkubwa alikaa na homa wiki nzima kabla hajampeleka hospitali. Wa kati alichelewa kusema. Huenda mashangazi walikuwa na haki yao. Aliigeuza mito, akaigeuza tena.

Jioni ya kuamkia siku ya miadi, kitinda mimba na mkewe walikuja pamoja. Dobi alikuwa amekwisha mwogesha mtoto na kumvisha. Kifungo alikaa juu ya meza ya pasi, ananukia sabuni, anatafuna kibanio cha nguo.

"Baba," alisema mkwe. Neno moja tu, kisha akangoja.

Kitinda mimba hakungoja. "Nasikia kuna jioni ulikaribia. Kinyozi kaniambia ulimwambia umeigusa. Sasa kama imeanza kushuka, Baba, si tuwape hospitali muda mwingine? Hata mwezi. Pengine maji hayakuwa moto vya kutosha."

Njia ilikuwa wazi hapo. Mwanawe mwenyewe alikuwa ameifagia. Ilitosha Dobi aseme "imeanza," au akohoe tu na kuitikia kwa kichwa, na angebaki alivyokuwa, mzee wa karai, aliyeshinda madaktari.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Maji ni kazi yangu," alisema. "Yalikuwa moto vya kutosha siku ya kwanza. Sijaiona. Hata siku moja sijaiona. Niligusa kitu juu huku, kimekwama, hakitaki kushuka. Yako wewe haikukwama. Yako ilikuja yenyewe kabla povu halijakufika shingoni, nami najua tofauti. Nimeijua wiki zote hizi."

Mkwe aliketi kwenye benchi. Machozi yalimtoka bila sauti, na mwenyewe hakujua kama ni ya hofu au ya kutua mzigo.

"Ahsante, Baba," alisema.

"Usinishukuru. Ningesema jioni ya kwanza ungelala vizuri zaidi." Akamgeukia mwanawe, aliyekuwa anafungua na kufunga koleo. "Na wewe usiogope kisu kuliko mtoto. Mtoto hajui kisu ni nini. Kesho mnanipitia, naja nanyi."

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke kijana, mfupi, mwenye kicheko kilichomfika hadi mabegani. Kabla hajamgusa Kifungo alisugua viganja vyake kwa nguvu, akavipuliza. Dobi aliliona hilo na moyo wake ukalainika. Daktari alipapasa polepole, akaanzia juu ya nyonga akateremka.

"Hii hapa. Iko kwenye njia, imekwama nusu ya safari. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati mara nyingi hukutwa na hili."

"Daktari, nilidhani ni ile ya kuogopa baridi," alisema Dobi, na akamweleza yote: ukumbi wa saruji, masharubu, ndoo, karai.

Daktari alisikiliza bila kutazama saa. "Kwa baba yake ulikuwa sahihi, mzee wangu, na yule daktari aliyekuja kukaa kwenye ndoo namheshimu. Ya baba yake ilikuwa na nyumba. Ilikuwa inatoka matembezi na kurudi. Hii haijawahi kufika nyumbani. Huwezi kuiita irudi mahali isipopajua. Maji hayawezi. Hata dawa haziwezi sana. Inabidi mtu akaifuate, aishike mkono, ailete, aishone ikae."

"Na ikiachwa huko huko?" aliuliza kitinda mimba.

"Huko ndani kuna joto mno kwake. Zimewekwa nje kwa sababu zinapenda baridi kidogo. Ikikaa kwenye joto miaka na miaka inachoka, na akiwa mkubwa kupata mtoto kunaweza kuwa kugumu. Tena ikipata ugonjwa, uvimbe mbaya, ikiwa imejificha nani ataujua mapema? Ikiwa chini, mwenyewe atajipapasa aone. Sikuahidini kila kitu. Nakuahidini kwamba mmekuja kwa wakati."

Dobi alirudia kimoyomoyo: joto mno kwake. Maisha yake yote alidhani joto ndilo linalotengeneza kila kitu, shuka na kola na watoto.

Siku ya upasuaji walikaa kwenye benchi refu la ukumbi. Ilikuwa mwisho wa Agosti na anga lilikuwa jeupe, bila wingu, siku ya kukausha mablanketi. Mkwe ndiye aliyempeleka Kifungo mpaka mlango wa vyumba vya upasuaji, akamwimbia wimbo wa darasa la pili wa kuhesabu bata, na aliporudi na kanga tupu mkononi alishindwa kuikunja. Dobi aliichukua akamkunjia.

Kitinda mimba hakuweza kukaa. Taa moja ya ukumbini ilikuwa inapepesa. Aliitazama, akazunguka, akaitazama tena.

"Kaa chini," alisema baba yake.

"Waya umelegea tu, Baba. Ni kitu cha dakika moja."

"Watakufukuza."

"Wakinifukuza nitakuwa nimetengeneza." Akapanda kwenye benchi. Mhudumu aliyepita na toroli alisimama, akafungua mdomo kukemea, taa ikatulia. Mhudumu akafunga mdomo akasukuma toroli lake. Mkwe akacheka, mara ya kwanza siku hiyo, akafunika uso kwa kanga iliyokwisha kunjwa.

Dobi alitazama watu wake wawili hao. Akakumbuka kitinda mimba katika karai, analia kwa aibu mbele ya daktari, na jinsi alivyomwambia, "Nyamaza, baba yupo." Hakuwa na zaidi ya hilo enzi zile. Alilitafakari pale kwenye benchi, akaona kwamba hata sasa hana zaidi.

Daktari alitoka akiwa amevua barakoa, na wote watatu wakasimama kama wanafunzi.

"Imefika," alisema. "Ni ndogo kidogo kuliko mwenzake, lakini ina rangi nzuri, hai. Nimeishona mahali pake. Ana vidonda viwili vidogo, kimoja kwenye nyonga, kimoja chini. Atalala hapa usiku huu kwa sababu ni mdogo. Mtanirudishia nimwangalie, na tutaendelea kumwangalia anavyokua. Akifika utu uzima mumfundishe kujipapasa mwenyewe."

Dobi alisema ahsante kwa niaba ya wote. Daktari alimpungia mkono, akageuka, kisha akarudi hatua mbili.

"Mzee, kuoga karaini bado. Mpaka nitakapowaambia. Kitambaa kibichi tu."

"Hata kama utasema mwaka," alijibu Dobi.

Asubuhi iliyofuata hakufungua duka. Alimwachia Kinyozi ufunguo, awape wateja nguo zilizo tayari, naye Kinyozi akauliza kama anaweza kuonja sabuni, akaambiwa aonje. Dobi alifika wodini mkwe akiwa anavaa viatu. Nesi wa zamu alikuwa anawaeleza ya kwenda nyumbani: dawa ya maumivu, kidonda kiwe kikavu, na kwa muda mtoto asibebwe mgongoni wala kiunoni, miguu isipanuliwe.

Mkwe aliitazama kanga yake. "Sasa tutambebaje? Huyu mwenyewe kazoea mgongo."

"Mlete," alisema Dobi.

Alinyoosha mikono yake miwili mbele, viganja juu, kama anavyobeba gauni la bibi harusi kutoka kwenye meza ya pasi hadi kwa mwenyewe. Wakamlaza Kifungo juu yake, ametandazwa, kichwa kwenye kiwiko cha kushoto, visigino kwenye kiwiko cha kulia. Kifungo alitazama dari, akaivuta ile kamba ya miwani, akaitia mdomoni. Kitinda mimba alitangulia kufungua milango. Dobi akapita ukumbini akitembea upande upande, akiomba njia, akashuka ngazi moja moja hadi kwenye teksi. Ndani ya teksi alikataa kuweka mikono magotini. Alikaa hivyo hivyo, mikono imenyooka, akimwomba dereva akwepe mashimo, mpaka mlangoni kwao.